Vidoa Vyeupe kwenye Samaki wa Maji Chumvi: Mwongozo Kamili wa Kutibu Samaki na Kusafisha Tangi

Vidoa vyeupe vina tabia moja ya kudanganya: hutoweka vyenyewe. Jioni kangaja wako (samaki wa mapambo wa jamii ya Acanthurus) amejaa punje nyeupe kwenye mapezi, siku mbili tatu baadaye ngozi imetakata, na yule aliyekushauri uchanganye kitunguu saumu kwenye chakula anapata sifa asizostahili. Wiki ikipita punje zinarudi nyingi kuliko mwanzo, safari hii hadi ndani ya matamvua, na samaki anakufa akihema juu ya maji. Mwongozo huu ni hasa kwa ajili ya zile siku za katikati, ambapo samaki anaonekana mzima na mwenyewe unashawishika kuacha matibabu.

Kimelea chenyewe na saa zake

Anayesababisha ugonjwa huu ni Cryptocaryon irritans, kiumbe cha seli moja kinachoogelea kwa vinywele. Mjapani Sikama aliueleza ugonjwa huu mwaka 1937, na jina la kisayansi likatolewa na Brown mwaka 1951. Usimchanganye na yule wa vidoa vyeupe vya samaki wa maji matamu. Dalili zinafanana lakini hawana udugu wa karibu, na dawa nyingi za chupa zinazouzwa kwa wafugaji wa maji matamu hazimfanyi kitu.

Kila hatua ya matibabu inategemea mzunguko wa maisha yake, kwa hiyo usiruke aya hizi.

Kwanza kimelea hukaa kwenye samaki kwa siku 3 hadi 7. Hakikai juu ya ngozi, kinajichimbia chini ya tabaka lake la juu, kikila majimaji na seli za samaki. Hapo dawa ya majini haikifikii. Kikishiba huachia, mara nyingi usiku kuelekea alfajiri, na ndiyo maana unaamka ukakuta vidoa vimepungua. Kinaanguka, kinatambaa saa kadhaa, halafu kinajifunika ganda gumu kwenye mchanga, jiwe, kioo, bomba, hata kwenye gamba la konokono. Ndani ya ganda kinagawanyika. Ganda moja laweza kutoa vimelea vichanga hadi 200 hivi. Maganda mengi hupasuka katika wiki ya kwanza au ya pili, ila yapo yaliyochunguzwa maabara yakachelewa hadi siku 72. Vichanga vikitoka huogelea kutafuta samaki, na visipompata ndani ya siku moja au mbili vinakufa.

Sasa angalia: kilicho kwenye ngozi kimekingwa, kilicho ndani ya ganda kimekingwa. Kinachouliwa na shaba au dawa nyingine ya majini ni kile kichanga kinachoogelea tu. Ndiyo sababu matibabu huhesabiwa kwa siku kwenye kalenda, si kwa kuangalia vidoa.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ugonjwa huu

Zima taa za chumba usiku, shika tochi, mulika samaki kutoka ubavuni badala ya kumulika usoni. Angalia mapezi kwanza kwa sababu ni angavu na kidoa huonekana bila kificho. Kidoa cha Cryptocaryon ni kimoja kimoja, kina ukubwa wa punje ya chumvi, kimenyanyuka kidogo, na unaweza kukihesabu. Kesho yake kidoa hicho hicho kitakuwa kimeondoka na vingine vimetokea kwingine. Chembe nyeupe inayokaa mahali pale pale kwa wiki mbili si ugonjwa huu. Yaweza kuwa kovu, mchanga ulionasa kwenye ute, au uvimbe wa virusi usiohitaji dawa.

Hatari kubwa zaidi ni Amyloodinium ocellatum, ugonjwa ambao wafugaji huuita velveti. Huu ni mwani wa seli moja uliogeuka kimelea. Vidoa vyake ni vidogo mno, haviwezi kuhesabika, na kwenye tochi ngozi inaonekana kama imepakwa unga laini wenye rangi ya dhahabu au kijivu. Ila usisubiri kuuona huo unga, maana matamvua ndiyo hushambuliwa kwanza na samaki wengi hufa kabla ngozi haijaonyesha lolote. Tazama tabia: samaki anakataa chakula, anakimbia mwanga, anasimama mbele ya pampu ya mkondo akipokea maji mdomoni, na mashavu yanapiga haraka haraka. Hesabu anahema mara ngapi kwa dakika, andika, hesabu tena baada ya saa chache. Ukiona idadi inapanda bila vidoa vyovyote, dhani ni velveti na uanze kazi leo. Kesho huenda ukakuta tangi limeisha.

Samaki-anemoni aliyetoka baharini hivi karibuni, akiwa na ute mwingi mweupe unaomenyeka kama ngozi ya kuungua, mara nyingi ana Brooklynella hostilis. Shaba haimsaidii. Dawa yake ni bafu la fomalini, na nitaligusia mbele.

Mwisho kuna minyoo bapa, hasa Neobenedenia. Samaki anajikwaruza kwenye mawe, macho yana ukungu, mara nyingine anatikisa kichwa. Hawa wana kipimo rahisi. Chukua ndoo ya maji matamu yaliyoondolewa klorini, yapashe joto sawa na ya tangi, rekebisha pH (kipimo cha uchachu wa maji) kwa magadi soda ifikie ya tangi, yapige hewa nusu saa, kisha mtie samaki kwa dakika 3 hadi 5 ukiwa umesimama hapo hapo. Minyoo hugeuka weupe, wanaachia na kuanguka chini ya ndoo, na ndoo nyeusi hurahisisha kuwaona. Dawa yao ni prazikwanteli, ile ile ambayo watoto wa shule wanagawiwa kwa ajili ya kichocho. Kipimo chake ni miligramu 2 kwa lita moja ya maji, na hurudiwa baada ya siku 5 hadi 7 kwa sababu haiui mayai. Tumia unga safi uliotengenezwa kwa ajili ya samaki, kwa kuwa vidonge vya binadamu vina viambato vingine vinavyochafua maji.

Bafu hilo la maji matamu humpa nafuu samaki mwenye velveti, lakini halimponyi. Kwa Cryptocaryon halisaidii, kwa sababu kimelea kimefunikwa na ngozi ya samaki mwenyewe.

Hatua ya 2: Saa za mwanzo

Usimwage dawa yoyote kwenye tangi kuu. Shaba ikiingia humo itaua kamba, konokono na matumbawe, halafu mawe na mchanga vitainyonya, kwa hiyo hutafikisha kipimo na hutaiondoa yote baadaye. Hizo chupa zenye maandishi kwamba dawa ni salama kwa matumbawe na inamaliza vidoa, mimi sizinunui. Kitu kisichomdhuru kamba wala konokono kwa nadra sana kitamuua kimelea mgumu kama huyu.

Ongeza hewa. Mtiririko wa juu ya maji uwe mkali, jiwe la hewa liwepo, na joto lisizidi 27°C kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo na samaki mwenye matamvua yaliyojeruhiwa anaihitaji yote. Ushauri wa kupandisha joto umetoka kwa wafugaji wa maji matamu, uache huko huko. Ukishuku velveti, punguza taa.

Halafu kubali jambo gumu: samaki wote watatoka, akiwemo yule asiye na kidoa hata kimoja. Huyo asiye na kidoa ndiye anayebakisha ugonjwa. Samaki aliyeugua akapona hupata kinga kiasi, hata ya miezi 6, na kinga hiyo humfanya abebe vimelea wachache kwenye matamvua bila dalili. Tangi linaonekana salama nusu mwaka, unanunua samaki mpya, naye anakufa ndani ya siku 10 huku wenyeji wakila vizuri. Watu hulilaumu duka. Wakati mwingine duka halina kosa.

Hatua ya 3: Tangi la hospitali

Halihitaji uzuri. Kwa samaki wadogo lita 60 hadi 100 zinatosha, kwa kangaja mkubwa anza na lita 150. Ndani weka hita, kipimajoto, filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, na vipande vya bomba jeupe la plastiki la fundi bomba ili samaki wajifiche. Mchanga usiwepo, mawe yasiwepo, makaa ya kuchujia yasiwepo. Funika juu kwa wavu, kwa sababu kangaja aliyeshtuka huruka.

Liweke angalau mita 3 kutoka tangi kuu. Vimelea wa velveti wamewahi kuonekana wakisafiri hewani ndani ya matone madogo yanayorushwa na mapovu. Wavu, ndoo na mpira wa kunyonyea maji viwe vya tangi hili peke yake.

Amonia itakusumbua kuliko kimelea. Tangi jipya halina bakteria wa kuivunja, na kwenye pH ya 8.2 sehemu kubwa zaidi ya amonia inakuwa kwenye hali ya sumu kuliko ilivyo kwenye maji matamu. Pima kila siku. Tia bakteria wa chupa, lisha kidogo, nyonya mabaki ya chakula baada ya dakika 10, na badilisha maji mara tu kipimo kinapoonyesha rangi. Ukiwa unatumia shaba, jihadhari na vile vimiminika vinavyofunga amonia, kwa kuwa baadhi yake huibadilisha shaba ikawa sumu zaidi. Hapo tegemea kubadilisha maji tu.

Wanaoishi pwani na kuteka maji baharini wayachukue maji yakiwa yamejaa, mbali na mlango wa mto na bandari, wayahifadhi gizani kwenye pipa lenye kifuniko wiki 2 au 3 bila samaki ndani. Waliopo Nairobi, Dodoma au Kampala watumie chumvi ya akwariamu na maji yaliyochujwa kwa mashine ya RO, inayoondoa chumvi na madini. Chumvi ya mezani haifai.

Hatua ya 4: Chagua njia moja ya matibabu

Njia ziko tatu zenye uzito. Chagua moja na uimalize.

Kuhamisha tangi. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu ambaye ana uhakika ni Cryptocaryon na ana samaki wachache, kwa sababu haitumii dawa. Inatumia saa za kimelea dhidi yake: ganda halipasuki kabla ya saa 72, basi samaki asikae kwenye chombo kimoja zaidi ya saa hizo. Unahitaji vyombo viwili, hata ndoo kubwa au mapipa ya plastiki ya chakula, kila kimoja na hita, pampu na jiwe lake la hewa.

Siku ya 1 mtie samaki chombo cha kwanza. Siku ya 4 mhamishe cha pili. Siku ya 7 mrudishe cha kwanza kilichooshwa, siku ya 10 cha pili, na siku ya 13 mpeleke kwenye tangi safi la kumalizia. Hamisha asubuhi, maana vimelea wengi wameanguka usiku. Maji mapya yawe na joto na chumvi sawa kabisa na ya zamani ili usipoteze muda kumzoesha. Mshike kwa chombo kidogo au wavu, mwache achuruzike, umtie upande wa pili bila kupeleka maji ya zamani. Chombo kilichoachwa kioshe pamoja na kila kilichokuwa ndani, ukaushe juani kabisa hadi kesho yake. Ukavu ndio unaoua maganda. Ikiwa unachelewa kwa saa tano kwa sababu ya foleni, umevunja hesabu, anza upya.

Njia hii haitibu velveti. Vichanga vyake vinaweza kuishi siku kadhaa bila samaki, na ganda moja hutoa hadi 256.

Shaba. Hii hutibu Cryptocaryon na velveti pia, kwa hiyo usipokuwa na uhakika wa ugonjwa uliopo, hii ndiyo njia. Watu wa pwani wanaijua salfeti ya shaba kwa jina la mrututu. Usitumie ya dukani kwa wakulima, kwa kuwa haijulikani imechanganywa na nini. Tafuta ya maabara, fuwele za buluu zilizoandikwa kiwango cha usafi.

Kwanza jua lita zako halisi. Pima urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, zidisha, gawa kwa 1000. Tangi la sm 80 kwa 35 lenye maji ya kimo cha sm 36 lina lita 100 na kidogo. Fuwele za mrututu zina shaba asilimia 25 hivi kwa uzito. Ukiyeyusha gramu 3.93 ndani ya lita moja ya maji safi yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri na si asidi yake, kila mililita itabeba miligramu 1 ya shaba. Kipimo tunachotaka ni kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita. Kwa lita 100 ni mililita 20 za mchanganyiko huo, wala usizimwage kwa mkupuo. Tia mililita 7 asubuhi ya siku ya kwanza, mililita 7 asubuhi inayofuata, mililita 6 jioni yake, ukipima kabla ya kila nyongeza. Kwa velveti fupisha hadi ndani ya saa 24.

Baada ya hapo pima asubuhi na jioni. Shaba ya aina hii huganda na chokaa iliyomo majini na kushuka kila siku, kwa hiyo utakuwa ukiongeza mililita chache chache. Chini ya 0.15 kimelea anapona, juu ya 0.25 samaki anaumia. Pengo hili jembamba ndilo linalowashinda wengi. Ikishuka hata usiku mmoja, kalenda inaanza upya. Unapobadilisha maji, tia shaba kwenye maji mapya kabla hujayamimina.

Kama hesabu hizi zinakutia wasiwasi, nunua shaba iliyofungwa kikemikali, ambayo hukaa majini bila kushuka haraka. Kipimo chake ni tofauti kabisa: CopperSafe hutumiwa kwa miligramu 1.5 hadi 2.0 kwa lita, Cupramine hadi 0.5. Hakikisha kipimio chako kinasoma aina uliyonunua. Kipimio cha shaba ya mrututu kikitumiwa kwenye shaba iliyofungwa huweza kukuonyesha nambari ya chini mno, ukaendelea kumwaga hadi samaki wote walale ubavu.

Weka siku 30 kamili katika kipimo. Wapo wanaofupisha hadi 14 kisha wanamhamishia samaki kwenye tangi jingine safi lililokaushwa. Inafanya kazi ikiwa kipimo hakikuyumba hata mara moja na hakuna kitu kilichobebwa kwenda naye. Samaki akikosa hamu ya kula siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida. Akipoteza mizani au kulala chini akihema, badilisha nusu ya maji kwa maji yasiyo na shaba, mpe siku moja, upande tena taratibu. Papa na taa wadogo wasiingizwe kwenye shaba hata kidogo, na kitatange pamoja na jamii ya samaki msafishaji wapandishiwe polepole kuliko wengine.

Kupunguza chumvi. Ndani ya saa 48, kwa kubadilisha maji kidogo kidogo, shusha chumvi hadi refraktomita, chombo cha kupima chumvi ya maji, isome uzito linganifu wa 1.009, halafu ikae hapo siku 30. Kwenye kiwango hicho maganda ya Cryptocaryon hushindwa kuendelea. Faida yake ni kwamba samaki hasumbuki sana na hakuna kemikali. Kasoro ni mbili. Velveti inavumilia chumvi kidogo, na zipo koo za Cryptocaryon zilizokwisha kuzoea maji ya namna hiyo. Refraktomita isahihishwe kwanza, maana kwenye 1.011 unajidanganya. pH huporomoka kwenye maji haya, ipime kila siku uipandishe kwa magadi soda. Kurudisha chumvi kuchukue wiki nzima. Kupanda kunamuumiza samaki kuliko kushuka.

Kuna na klorokwini, ile ile ambayo Tanzania iliiacha kama dawa kuu ya malaria mwaka 2001 na wengi wetu tunaikumbuka kwa kuwasha. Unga wake safi, miligramu 10 kwa lita, tangi likiwa gizani, hufanya kazi vizuri dhidi ya velveti. Tatizo ni kuupata ukiwa safi, na hakuna kipimio cha nyumbani cha kukuambia imebaki kiasi gani majini. Ukiwa nao, uandike jina na ufungie kabatini. Mwaka 2020 huko Arizona, Marekani, mtu alikufa baada ya kumeza klorokwini ya kusafishia akwariamu akidhani itamkinga na korona.

Fomalini kwa Brooklynella: kiasi cha mililita 0.15 hadi 0.2 ya fomalini ya asilimia 37 kwa lita ya maji chumvi, kwenye ndoo tofauti, dakika 30 hadi 45, hewa ikipiga kwa nguvu zote kwa sababu dawa hii hula oksijeni. Baada ya bafu samaki aende tangi jipya, asirudi alikotoka. Fanyia nje ya nyumba, vaa glavu na miwani, usivute mvuke wake, na chupa yenye mashapo meupe chini itupwe kwa sababu imegeuka kuwa sumu kali zaidi.

Hatua ya 5: Tangi kuu likae bila samaki

Huku hospitalini kukiendelea, tangi kuu linajitibu kwa njaa. Siku 76: zile 72 za ganda lililochelewa zaidi, na chache za usalama. Samaki wote wawe nje. Ninasisitiza wote, kwa sababu mara nyingi kuna kasamaki kamoja kamejificha nyuma ya mawe, mwenyewe ulishakasahau, na hako kamoja kanatosha kulisha ugonjwa mwaka mzima. Ondoa mawe ukibidi. Kamba, konokono, kaa na matumbawe wabaki.

Acha joto 26 au 27°C ili maganda yaharakishe kupasuka. Tupia chakula kidogo kila baada ya siku kadhaa ili bakteria wasife njaa, la sivyo siku ya kurudisha samaki utakuta filta haina uwezo. Konokono mpya, kipande cha tumbawe kutoka kwa rafiki, mkono uliolowa maji ya hospitali, vyote hivyo vinarudisha kalenda siku ya kwanza. Vyombo vilivyotumika vioshwe kwa Jiki isiyo na manukato, visuuzwe mara kadhaa, vikauke juani.

Taa ya UV ina msaada mdogo: huua vichanga vinavyopita ndani yake tu, na vingi havipiti. Samaki msafishaji, yule mwembamba mwenye mstari mweusi anayevuliwa kwenye miamba yetu, anakula hasa wadudu wadogo wanaong'ang'ania magamba ya samaki. Cryptocaryon iko chini ya ngozi, hawezi kuifikia, na mwenyewe ataugua. Kitunguu saumu kitamfanya samaki ale vizuri zaidi, hilo sikatai.

Hatua ya 6: Kurudisha samaki, na kupokea wapya

Dawa ikiisha, ondoa shaba kwa kubadilisha maji na kuweka makaa, kisha mwangalie samaki wiki 2 akiwa hana dawa yoyote. Kipindi hiki watu hukiruka. Vidoa vikijitokeza humo umeokoa siku zako 76 za tangi kuu. Visipotokea, mrudishe, ukianza na wapole na kumalizia na kangaja, mwenye ubabe wa kukimbiza wageni.

Kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon, ni wa Bahari ya Hindi na ni miongoni mwa samaki wa mapambo wanaovuliwa pwani ya Kenya kwenda nje. Huugua haraka kuliko karibu samaki yeyote anayeuzwa. Huko kwenye mwamba vichanga vya kimelea husambaa kwenye bahari nzima na wengi hufa bila kupata samaki. Kwenye tangi la lita 300, au kwenye duka ambalo matangi 40 yanatumia maji yale yale, kila kichanga kina samaki karibu. Kwa hiyo kila mpya, hata aliyenunuliwa kwa mvuvi unayemwamini, apite karantini ya siku 30 na matibabu ya prazikwanteli. Kangaja wote mimi ningewapitisha pia kwenye shaba au kuhamishwa tangi bila kungoja kidoa.

Konokono, kamba na matumbawe hawaugui, ila maganda ya kimelea hushika kwenye nyumba zao. Waweke chombo kisicho na samaki kwa siku 76 zile zile kabla hawajaingia tangi kuu.

Maji yenye shaba usiyamwage baharini, kwenye mfereji unaoelekea mtoni wala kwenye bustani ya mboga. Pitisha kwanza kwenye makaa siku mbili, yapime, ndipo uyamwage kwenye choo. Na tangi lililowahi kuwa na shaba liandike kwa kalamu ya wino usiofutika, lisije likapewa kamba au matumbawe na mtu mwingine wa nyumbani.